Gari Isiyolaza Mgonjwa

Vijana wa garaje, tangu nimestaafu mnanipigia simu kuuliza ufunguo fulani uko wapi na kelele fulani ya motere, yaani injini, ni ya ugonjwa gani. Nimechoka kutengeneza gari kwa simu. Nimekaa hapa barazani kwangu, mtaa wa Kasenga, Uvira, nawaandikia ninayoyakumbuka, na mkishayasoma mniache nile ndagala zangu kwa amani. Mishahara sitaitaja, hakuna cha kusimulia hapo. Vyeo pia sitavitaja. Katika garaje kinachopanda ni gari, juu ya jeki, na jioni inashuka.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwa Mzee Songa nimevaa shati jeupe, mjinga mimi. Mzee hakuangalia shati wala cheti cha shule. Alinipa besheni la bati, lile ambalo mama zetu wanauzia samaki sokoni, akasema, "Amisi, pima ile gari." Nikaenda kulijaza maji. Nilidhani gari inaoshwa kwanza ndipo ipimwe. Garaje nzima ilicheka mpaka mteja naye akacheka, na yeye alikuwa amekuja na huzuni ya motere iliyokufa.

Mzee akamwaga maji yale, akaligeuza besheni kifudifudi, akalisukuma chini ya gari kwa mti wa ufagio. Likapita kutoka mbele, likatokea nyuma bila kugusa chuma. "Umeona? Hii inaweza kukaa Uvira," akasema. "Gari yenye kukataa besheni, mawe ya huku yataikula tumbo." Ndicho kipimo alichonifundisha, na sijaona mashine iliyokishinda. Besheni lenyewe lilikuwa la mke wake. Kila jioni alikuja kulichukua akilalamika kwamba wateja wake wanasema samaki wananuka mafuta ya gari. Mzee alimwambia awaambie ndiyo ladha ya kisasa.

Nanyi mnajua kwamba kazi yetu kubwa haikuwa kutengeneza. Ilikuwa kumsindikiza mtu anayekwenda kununua gari ya okazyo, ile iliyotumiwa na mwingine mpaka akaichoka. Zinashukia bandarini Kalundu au zinapita mpaka wa Kavimvira, zimeng'arishwa kama bwana harusi. Mwenye kununua anaangalia rangi. Wewe angalia anachokificha mwenye kuuza. Ukikuta motere imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi kesho asubuhi bila kuaga, uikute imelala baridi. Ukikuta ndani kumepulizwa manukato mengi, inua kapeti. Na ukikuta tairi zimeliwa upande mmoja, usimwulize mwenye gari sababu, maana atakuwa nayo tayari.

Sasa niwaambie kosa letu sisi watu wa hapa, ambalo sijui kama wengine wanalo. Mtu akinunua gari, kitu cha kwanza anafanya arozaje. Anaita ndugu na majirani, vinywaji vinafunguliwa, gari inamwagiwa kidogo kwenye magurudumu ili iwe na bahati. Mchungaji anaiombea, au shehe anaisomea dua, kila mmoja kwa dini yake. Halafu kesho yake, watu wameshashiba na kuimba, ndipo anakumbuka kumwita fundi! Mwaka wangu wa mwanzo tuliitwa kwa mfanyabiashara mmoja wa vitenge. Gari ilikuwa na mashada ya maua bado, na motere ilikuwa imepasuka ubavuni, inatoa mafuta kama jicho lenye machozi. Mwenyewe akatuangalia kwa matumaini, akasema, "Jana imeombewa sana." Mzee Songa akafuta mikono taratibu. "Basi imeisha kuokoka, Papa. Imebaki tu kupona."

Tangu siku ile garaje yetu ilikuwa na sheria: fundi kwanza, muchungaji wa pili, soda na bia mwisho. Mzee Songa alipotuacha nilirithi sheria hiyo na besheni. Mke wake alinipa besheni kwa mkono wake mwenyewe, akasema harufu ya mafuta imeshamshinda.

Nitaruka miaka mingi hapa, maana ni freni na ambreyaji, breki na klachi, freni na ambreyaji tena. Naja kwenye kazi yangu ya mwisho, ambayo ndiyo mnayonisengenyea.

Mama Vumilia mnamfahamu, na kwa msiomfahamu: ni mkunga, alifanya kazi huko juu milimani upande wa Lemera, kisha akashuka kufanya kazi pwani hii ya ziwa. Watoto wangu wote aliwapokea yeye. Asubuhi moja akateremka kwenye pikipiki mbele ya garaje, mwavuli mkononi. Nikaacha kazi haraka.

"Bonjour, Mama. Nani anazaa?"

"Hakuna mwenye kuzaa, Fundi. Niko nastaafu kama weye. Nataka gari."

"Gari ya kazi gani?"

"Ya kutembea bure siku ya Yenga, siku ya kanisa. Nataka ya spoti, ya siti mbili, yenye kufunguka juu."

Ufunguo ukaniponyoka ukaangukia mguu wangu. Vijana wawili wakajificha nyuma ya lori ili wacheke vizuri. Mimi nikajitia ukali wa kifundi, nikamweleza kwamba gari ya spoti ni fupi kwa tumbo, mawe yetu ni marefu, na kwa pesa yake, ambayo ilikuwa akiba ya maisha yake yote ya kazi na ilitosha gari moja bila nafasi ya kukosea, angepata kibasi kizuri cha kubeba abiria. Akaniacha nimalize. Halafu akasema jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria hadi leo.

"Fundi, ile njia ya Makobola nimepita mara ngapi? Usiku, muchana, na mvua. Lakini minye sijawahi kuiona. Kila mara nilikuwa nimegeukia nyuma, naangalia mugonjwa. Kila gari nimepanda, ilikuwa inaenda kwenye mateso ya muntu. Sasa nataka gari ambayo mugonjwa hawezi kulala ndani. Hata wakimukunja, haingii."

Mnajua hapa kwetu, mwenye gari ni ambulansi ya mtaa mzima, ni gari ya harusi na ya msiba, na ya magunia ya mihogo ya shemeji. Huwezi kukataa. Ila siti mbili zinakukatalia zenyewe. Kusema kweli nilimwonea wivu kwa akili ile.

Tatizo lilikuwa nyumbani kwake. Mwana wake mkubwa, Espoir, kijana mwenye heshima na mwenye kuhesabu mambo, aliitisha kikao cha familia na mimi nikaitwa. "Mama, tunakupenda," akasema, "lakini gari ya watu wawili haiingizi kintu. Ikikufia njiani utafanya nini? Utasukuma weye?" Mjomba wake, Papa Lukas, akatikisa kichwa kwa upande wa Espoir, kisha akatikisa kwa upande wa Mama. Mwishowe wakakubaliana hivi: Mama anunue anachotaka, lakini Yenga ya kwanza, kama gari ikisukumwa hata kidogo, inauzwa, kinanunuliwa kibasi, na Mama hatasema neno. Mama Vumilia akasema, "Nakubali." Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa ameshasema.

Basi tukaanza kutafuta, mimi na besheni, yeye na mwavuli. Ya kwanza, kule Kalundu, ilikuwa nyekundu, inang'aa, na besheni halikuingia hata mdomo. "Tafuta besheni ingine," akaniambia. Nikalibeba lile lile, tukaondoka. Ya pili ilinuka manukato kama saluni, nikainua kapeti nikakuta tope limekauka mpaka kwenye nyaya. Gari ile ililala ndani ya mafuriko, na nyaya zilizokunywa maji zina kinyongo, zitakulipiza miezi baadaye. Ya tatu mwenyewe alikuwa kijana aliyeipenda sana, akatunguruma nayo mbele yetu ili tufurahi. Mama Vumilia akaweka kiganja juu ya kapo, pale motere inapolala chini yake, akafumba macho kama anasikiliza mimba. "Huyu anapumua vibaya," akasema. Nikafungua kukagua. Ilikuwa inapumua vibaya. Gari ya spoti msiinunue kwa mtu aliyeipenda kupita kiasi, inunueni kwa aliyeisahau.

Na aliyeisahau tulimpata mtaa wa Rugenge, mzee mmoja mwalimu wa kwaya, aliyeiegesha uani chini ya turubai. Ilikuwa ndogo, ya kijani iliyopauka, viti vimepasuka, na kitambaa cha paa kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Lakini motere iliwaka baridi, mara moja, na sauti yake ilikuwa safi. Milango ilifunga kwa sauti moja, kushoto na kulia. Hakuna mahali palipopakwa rangi kuficha kitu, maana hakuna aliyejali kuficha. Kapeti kavu. Nikasukuma besheni, likapita! Nikamwomba Mama Vumilia akae ndani, nikasukuma tena, likakwama katikati.

"Besheni yako iko na kiburi," akasema kutoka juu.

Nikampa shauri ninalowapa nanyi: pesa ya gari usiimalize yote kwenye gari. Tulinunua ile iliyopauka, tukabaki na pesa ya tairi nene, freni mpya, na springi ndefu kidogo tulizotoa kwenye gari nyingine. Ikasimama kama mbuzi anayenusa majani, nyuma juu, mbele chini. Vijana, mliicheka. Lakini besheni lilipita, na Mama akiwa ndani.

Jambo moja tu liliniogopesha. Usukani ulikuwa upande wa kulia, kama gari nyingi zinazotoka ng'ambo, na sisi Kongo tunatembelea kulia. Ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja, mpaka aliyekaa kushoto achungulie akuambie "pita" au "bado". Kiti cha kushoto ni jicho la dereva. Na mimi moyoni nilikuwa nimeshajua nani atakuwa jicho. Nilinunua hata kofia.

Yenga yenyewe ikafika. Fundi kwanza, nilikagua alfajiri. Muchungaji wa pili, aliomba vizuri na kwa ufupi, Mungu ambariki. Ikabaki soda, maana ni familia ya walokole, bia haipiti mlangoni. Kila mtu alitaka kuona motere ya spoti, nikafungua kapo nijivune kidogo. Hapo ndipo Papa Lukas alipokuja na chupa ya soda ya machungwa. Magurudumu yalikuwa yameshamwagiwa. Akasema kwa furaha, "Magurudumu ni miguu tu, moyo wa gari ni huu!" na kabla sijafungua mdomo akaimimina yote juu ya motere.

Yooo! Kwenye motere ile, bugi, yaani zile zinazowasha moto, zinakaa ndani ya mashimo marefu juu kabisa. Soda ilijaa mashimoni kama imewekewa bilauri. Mama Vumilia akageuza ufunguo. Gari ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Akarudia. Kimya. Majirani wema, kwa mazoea yetu yale ya siku zote, wakakunja mikono ya mashati na kwenda nyuma.

"Tusukume!" mmoja akapiga kelele.

"Usiguse!" nikalia, nikajirusha mbele ya bampa mikono nimeitandaza. "Muntu asiguse hii gari!" Sijawahi kuwa na hasira namna ile, hata kwa mteja aliyetia maji kwenye mafuta. Espoir alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Hakuwa na furaha, nilimwona. Papa Lukas alishika chupa tupu kama mtoto aliyevunja sahani. Mama Vumilia yeye alikaa kwenye usukani akiangalia mbele tu, barabarani. Nilifikiri: kama gari hii inasukumwa leo, mwanamke huyu atazeeka ndani ya kibasi amegeukia nyuma.

Maji ni rahisi, yanakauka. Sukari inaganda. Nikachomoa nyaya za bugi, nikafyonza ile soda kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, nikaosha kwa maji safi, nikafyonza tena. Halafu nikakimbilia saluni ya jirani kuomba mashine ya kukaushia nywele. Umeme ulikuwepo, nasema asante mpaka leo. Waya haukufika. Wateja wa saluni wakatoka na vichwa nusu vimesukwa nusu havijasukwa, wakaunganisha nyaya, mmoja akazishika juu zisiguse tope. Nikakausha motere ya spoti kama bibi harusi, shimo moja baada ya jingine, na watu wakaanza kuimba. Nilipofunga waya wa bugi ya mwisho, mikono yangu ilikuwa inanata.

"Jaribu, Mama. Polepole."

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikawaka! Wale wa saluni walipiga vigelegele mpaka Papa Lukas akakaa chini barabarani akalia.

Nikavaa kofia yangu, nikabeba besheni, nikazunguka upande wa kushoto. Mkoba wake ulikuwa umekaa kwenye kiti.

"Fundi," akaniambia, "kiti iko na mwenyewe."

"Lakini Mama, jicho! Lori ikiwa mbele utapita namna gani?"

Alinipa simu yake kupitia dirishani. "Ikilia, sema niko natembea." Akaondoka, paa wazi, kitambaa cha kichwa kinapepea, akapotea upande wa kusini. Nikabaki na kofia.

Simu ile ililia mchana wote. Sikujua mkunga mstaafu anatafutwa hivyo.

"Mama Vumilia iko wapi?"

"Iko anatembea."

"Anatembea wapi?"

"Bure."

"Bure namna gani? Nani mugonjwa?"

"Hakuna mugonjwa," nilisema, na watu hawakuniamini. Mmoja alinipa pole.

Mimi na Espoir tulikaa kwenye benchi kando ya barabara. Hakuwa kijana mbaya. Kila pikipiki ikipita aliinuka. Alasiri ikaanza kupoa, na mimi nilikuwa nimeshazika gari ile mara nyingi kichwani, kwenye kila kona ya njia ya Makobola, nyuma ya kila lori. Kisha nikaisikia kabla sijaiona. Sauti safi, haina haraka.

Ilikuwa nyekundu kwa vumbi, huwezi kujua kama ni ya kijani. Espoir hakumsalimu mama yake kwanza. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, akainama, akachunguza vumbi kwenye bampa, kwenye kifuniko, kila mahali mtu anapoweka viganja akisukuma. Vumbi lilikuwa limetulia lote. Akasimama, akamwangalia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mama, mikono haiko."

"Haiko," akasema mama yake.

"Ulipita malori namna gani?" mimi nikauliza, sikuweza kujizuia.

"Sikupita muntu. Nilikuwa na haraka gani? Nilifuata lori ya ndizi mpaka Makobola. Pikipiki zilinipita, hata moja yenye mbuzi. Mbuzi aliniangalia." Akaanza kucheka, halafu machozi yakamtoka, vyote pamoja. "Kuenda nimeona mulima. Kurudi nimeona ziwa. Kumbe iko karibu hivi na njia, Fundi! Miaka yote ile, iko karibu hivi. Na tangu asubuhi hakuna muntu ameniita."

Nikamrudishia simu. Sikumwambia imelia mara ngapi.

Kibasi hakikununuliwa. Papa Lukas haruhusiwi kushika chupa karibu na gari yoyote. Na mimi, kwa kuwa mnataka kujua, Yenga iliyofuata nilikuta mkoba umehamia sakafuni. "Ingia," Mama Vumilia aliniambia, "lakini besheni inabaki, na sitaki kusikia habari ya motere." Niliingia. Tangu hapo naingia kila Yenga, na mnayosema huko garaje endeleeni kuyasema. Tunafuata lori lolote litakalokuwa mbele. Hajaniuliza hata siku moja kama apite.

Gurudumu la nyuma, upande wangu, limeanza kulia kidogo tukipinda kona. Beringi hiyo, haitaimaliza miezi miwili. Naisikia kutoka hapa mpaka Makobola, na kutoka Makobola mpaka hapa. Naangalia ziwa, nimefumba mdomo. Vijana, nimefanya kazi hii tangu nikiwa na shati jeupe, na sijawahi kupewa iliyo ngumu hivi.